Maswali ya Wasomaji: Kompyuta Ndogo ya Kuchukua Chomboni na Safarini

Barua nne za toleo hili zimetoka Mtwara na Lindi, na zote zinahusu kompyuta ndogo ya bei nafuu itakayobebwa baharini na barabarani. Tumezifupisha zilizokuwa ndefu, na majina ya waandishi tumeyahifadhi kama walivyoomba.

SWALI: Ndugu Mhariri, pokea salamu kutoka Mikindani. Ninaendesha boti ya faiba yenye injini moja, nikiwapeleka wageni Msangamkuu na Msimbati, na wakati wa maleleji, bahari inapotulia, hufika hadi Kilwa Masoko. Mara kwa mara hupanda basi kwenda Dar es Salaam kufuata vipuri. Nahitaji kompyuta ya kutunzia hesabu na picha za wageni, kujibu barua pepe, na ikiwezekana kuonyesha ramani ya bahari. Fungu langu ni shilingi laki 6. Madukani ninaonyeshwa mpya za plastiki zenye kioo cha inchi 11, na za mtumba zilizotumika maofisini Ulaya. Kijana wa duka ananiambia mpya ni mpya tu. Ninunue ipi? – Nahodha, Mikindani.

JIBU: Ndugu Nahodha, kwa fungu hilo nunua ya mtumba iliyotoka ofisini, na ile mpya ya plastiki iache dukani. Kijana aliyekuhudumia hakukudanganya, kwa kuwa kitu kipya kina waranti na betri yake haijachoka, lakini upya si sifa ya kwanza inayotakiwa kwa kazi uliyoieleza. Kompyuta mpya za bei ya chini mara nyingi huwa na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4 na hifadhi ya GB 64 ya aina iitwayo eMMC, ambayo imelehemewa kwenye bodi na haibadilishiki. Hivyo ndivyo viwango vya chini kabisa ambavyo Microsoft inavikubali kwa Windows 11. Ukishaingiza picha za msimu mmoja wa wageni, na Windows yenyewe ikashusha masasisho yake, nafasi itakuwa imekwisha, na kila kazi itakwenda kwa kusuasua.

Kompyuta mpakato za ofisini, kama vile ThinkPad X280 na Dell Latitude 7290, ambazo zote zina kioo cha inchi 12.5 na zilitoka mwaka 2018, zilitengenezwa kwa ajili ya wafanyakazi wa safari. Mwili wake ni mgumu, bawaba za kioo hazilegei upesi, na hifadhi yake ni SSD, yaani ya chipu tupu, ambayo fundi yeyote anaweza kuifungua na kuweka kubwa zaidi. Nimetaja mwaka 2018 kwa makusudi. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, kwa upande wa prosesa (ubongo wa kompyuta) za Intel, inakubali rasmi kuanzia kizazi cha 8 pekee, isipokuwa chache sana. Kwa hiyo ThinkPad X270, ambayo ni mashine nzuri na hupatikana kwa bei ya chini zaidi, imeachwa nje kwa tofauti ya kizazi kimoja. Muuzaji anaweza kukuwekea Windows 11 kwa njia ya kuzunguka, nayo ikafanya kazi, lakini Microsoft haikuahidi kwamba mashine ya namna hiyo itaendelea kupata masasisho. Kama uko tayari kutumia Linux, mfumo wa bure badala ya Windows, X270 inunue bila wasiwasi.

Ni haki niitetee kidogo ile ya plastiki. Nyingi katika hizo hazina feni, na baharini jambo hilo lina uzito, kwa sababu feni huvuta hewa yenye chumvi na kuipitisha juu ya bodi. Chumvi hiyo huvuta unyevu, unyevu hupitisha umeme mahali usipotakiwa, na shaba huanza kuota kutu ya kijani. Pia kompyuta hizo za plastiki hula umeme kidogo. Laiti ingekuwapo isiyo na feni, yenye RAM ya GB 8 na SSD ya kubadilishika, kwa laki 6, ningekuelekeza huko. Wasafiri wa zamani watakumbuka Asus Eee PC ya mwaka 2007, iliyokuwa na kioo cha inchi 7 na hifadhi ya GB 4 tu katika toleo lake lililojulikana zaidi, na ambayo watu waliipenda kwa udogo na urahisi wake. Vikompyuta vya aina ile vilipotea sokoni baada ya vishikwambi kushika kasi kuanzia mwaka 2010, na pengo lile halijazibwa vizuri hadi leo.

Jambo moja usilikubali kwa bei yoyote ni diski ya kuzunguka, ile ya zamani. Ndani yake mna sahani zinazozunguka maelfu ya mara kwa dakika, na kichwa cha kusomea huelea juu ya sahani hizo kwa nafasi nyembamba kuliko unywele. Boti ya faiba inapopiga wimbi la kusi na kuanguka upande wa pili, kichwa hicho kinaweza kuigusa sahani na kuichuna. SSD haina kitu kinachotembea ndani yake.

Ukiwa dukani usione haya kuchukua muda. Fungua dirisha la amri la Windows (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport, kisha ufungue faili litakalotengenezwa na utafute namba mbili: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na uwezo wake wa sasa ikijaa. Ya kwanza ikiwa 48,000 na ya pili 40,000, betri bado ina nguvu. Ya pili ikiwa 20,000, punguza bei kwa kiasi cha betri mpya au utafute mashine nyingine. Halafu zima na kuwasha upya, ukibonyeza F1 kwa ThinkPad au F2 kwa Dell, ili uone mipangilio ya ndani. Ikikudai nywila ambayo muuzaji haijui, mrudishie kompyuta yake palepale, kwa maana hiyo ni kufuli ya kampuni iliyoimiliki zamani na kuiondoa ni kazi ngumu. Mwisho, itoe nje ya mlango wa duka saa sita mchana uitazame. Vioo vingi vya ofisini vina mwanga wa niti (kipimo cha mwangaza) 250 hadi 300, ambao unatosha ndani ya nyumba lakini si juu ya maji. Chagua kioo kisichong'aa, na panga kuitumia chini ya turubai, kwa kuwa jua la ghuba ya Mikindani litakigeuza kuwa kioo cha kujitazamia.

Kuhusu ramani, ipo programu ya bure iitwayo OpenCPN, inayofanya kazi kwenye Windows na Linux, ambayo huonyesha chombo chako kikitembea juu ya ramani ya bahari. Mambo mawili huwashangaza wanaoianza. La kwanza, kompyuta mpakato nyingi hazina kipokezi cha GPS, tofauti na simu. Utahitaji kipokezi kidogo cha USB, ambacho huunganishwa kwa waya na kuwekwa mahali panapoona anga. Hakihitaji laini wala bando, kwa sababu husikiliza satelaiti moja kwa moja. La pili, programu huja bila ramani za kusafiria. Ule mchoro wa dunia unaouona mara ya kwanza ni wa kujaza nafasi tu, na mtu aliyeufuata kuingia mlango wowote wa pwani hii angejikuta juu ya mwamba. Ramani halisi hununuliwa, nawe uzishushe ukiwa mjini penye mtandao mzuri. Vivyo hivyo kwa mafaili ya upepo, ambayo ni madogo na OpenCPN huyasoma: yashushe asubuhi kabla ya kung'oa nanga, pamoja na utabiri wa bahari unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania.

Hata ukiwa na ramani nzuri, tafadhali usiikabidhi chombo. GPS itakuambia ulipo kwa kukosea mita chache tu, lakini ramani inaweza kuwa imechorwa kutokana na vipimo vya zamani sana, kabla ya satelaiti kuwapo, na mwamba ukawa umechorwa kando ya mahali pake hasa. Soma maandishi ya pembeni ya ramani, yanayotaja mwaka wa upimaji na mfumo uliotumika. Ukiona WGS 84, ramani na GPS zinatumia mfumo mmoja, na ukiona mwingine, jihadhari. Njia za meli kubwa, kama mlango wa bandari ya Mtwara, kwa kawaida hupimwa kwa makini kuliko vijilango ambavyo boti ndogo hupita. Huko mlango wa mto Ruvuma mafungu ya mchanga huhama, na hakuna ramani inayoyafuata kwa kasi hiyo. Tena pwani yetu maji ya bamvua hupanda na kushuka kwa takriban mita 3, hivi kwamba palipopitika asubuhi huenda pasipitike mchana, na kioo kikawa bado kinakuonyesha rangi ileile ya samawati. Macho ya baharia aliye omoni hayana mbadala wa laki 6.

Nikuongezee hili, kwa kuwa wauzaji hawalijui: usiiweke kompyuta karibu na dira. Spika zake zina sumaku, na kwenye mfuniko mna sumaku nyingine ndogo inayoiambia mashine ilale unapoifunga. Siku boti ikiwa imefungwa gatini, isogeze kompyuta polepole kuelekea dira huku ukiutazama mshale, nawe utaona unaanza kugeuka. Weka alama mahali hapo, kisha mahali pa kudumu pa kompyuta pawe mbali zaidi ya alama hiyo, kwa mita moja au zaidi.

SWALI: Mhariri, mimi nina jahazi lenye injini ya dizeli, tunapeleka mizigo kati ya Lindi na Kilwa. Chomboni mna betri moja ya N70 na paneli ya jua ya wati 50, kwa ajili ya taa na simu za mabaharia. Nimenunua kompyuta ndogo ya mtumba, lakini nikiiunganisha kwa inveta usiku, asubuhi betri haiwashi injini. Je, kompyuta ni mbovu, au betri? – Mwenye chombo, Lindi.

JIBU: Ndugu yangu, ninavyoona, mkosaji ni inveta pamoja na mpangilio wenyewe. Inveta huchukua umeme wa volti 12 na kuupandisha hadi 230, halafu chaja ya kompyuta huushusha tena hadi volti 20 hivi. Katika mageuzi hayo mawili, robo ya umeme au zaidi huweza kupotea kama joto, na inveta ikiachwa imewashwa bila kazi huendelea kula wati kadhaa usiku kucha.

Tazama hesabu. Kompyuta ndogo inayoandika na kuonyesha ramani hutumia wastani wa wati 10 hivi. Kwa saa 4 hizo ni wati-saa 40. N70, ambayo ni ya ampea-saa 70, ikiwa mpya na imejaa hubeba wati-saa 840, lakini betri ya maji haipendi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo zilizo zako ni 420 tu, na ikiwa betri imezeeka ni chache zaidi. Wati-saa 40 si kitu mbele ya 420. Lakini inveta inayokula wati 10 peke yake kwa saa 12 imeondoka na wati-saa 120 bila kufanya kazi yoyote, na hapo bado hujahesabu taa na simu. Kisha unakuja alfajiri kuidai betri hiyohiyo izungushe injini ya dizeli, kazi inayohitaji ampea nyingi mno kwa sekunde chache.

Achana na inveta. Ikiwa kompyuta yako hupokea chaji kwa tundu la USB-C, nunua chaja ya gari ya volti 12 hadi 24 iliyoandikwa PD, yenye wati 45 au 65, ambayo hutoa volti 20 moja kwa moja na hupoteza kama sehemu moja tu ya kumi. Usichanganye na vile visoketi vya bei rahisi vya kuchajia simu, vinavyotoa volti 5 pekee. Kompyuta itavipuuza, au itachaji polepole mno. Ikiwa tundu lako ni la duara, ipo chaja ya gari inayotoa volti 19 au 20, ila hakikisha kichwa chake kinalingana na tundu hilo na volti zinalingana na zilizoandikwa chini ya kompyuta. Chaja ya wati 65 huvuta karibu ampea 6 kutoka kwenye betri, basi tumia waya mnene na uweke fyuzi ya ampea 10 karibu na betri, wala si mwisho wa waya, kwa sababu kazi ya fyuzi ni kuulinda waya wenyewe.

Chaji kompyuta mchana wakati paneli inazalisha, nayo usiku itatumia betri yake ya ndani. Paneli ya wati 50, ukitoa mawingu, kivuli cha tanga na joto, itakupa labda wati-saa 150 kwa siku, na kiasi hicho kinatosha kompyuta, simu na taa za LED. Wakati wa kuwasha injini, chomoa kompyuta kwanza, kwa kuwa volti huanguka ghafla na kupanda tena. Na pesa zikiruhusu, tafuta betri ya pili kwa matumizi ya ndani, ili ile ya injini ibaki kuwa ya injini peke yake.

SWALI: Ninanunua mwani na kupita vijiji vya pwani ya Kilwa kwa mtumbwi wa mashine na kwa pikipiki, na mara chache hupanda ndege kutoka Mtwara kwenda Dar es Salaam. Je, kishikwambi hakinitoshi, badala ya kompyuta? Rafiki yangu pia ananiuzia Chromebook kwa bei ya kutupa. – Mama wa mwani, Kilwa.

JIBU: Mama, kama kazi ni kuandika kilo, majina na malipo, kishikwambi kinatosha, tena kinapita kompyuta kwa kuchaji kwa pawabenki ya kawaida na kwa kukosa feni. Kitafutie kasha la mpira na kibodi ya kuunganisha. Ukitaka pia kikuonyeshe njia, uliza kabla ya kulipa kama kina GPS, kwa kuwa si vyote vinayo. iPad isiyo na nafasi ya laini, kwa mfano, haina. Kompyuta utaihitaji pale orodha zako zitakapokuwa ndefu na mnunuzi mkubwa akaanza kudai ankara zilizopangwa kwa Excel.

Chromebook, yaani kompyuta mpakato zinazotumia mfumo wa Google badala ya Windows, za mtumba ni ngumu na hazili umeme, na nyingi zilitumika mashuleni ng'ambo. Lakini kila moja ina tarehe ya mwisho ya masasisho. Zilizotoka kuanzia mwaka 2021 hupewa miaka 10 tangu aina hiyo ilipotoka, na za nyuma mara nyingi zimekwisha au zinakaribia kwisha. Bei ya kutupa huenda inatokana na hapo. Ingia kwenye mipangilio yake uisome tarehe hiyo kabla ya kumpa rafiki jibu.

Uwanja wa ndege, pawabenki haiingii kwenye begi la mizigo. Iweke kwenye mkoba wa mkononi, na isizidi wati-saa 100. Ya mAh 20,000 ni kama wati-saa 74, kwa hiyo haina tatizo.

SWALI: Wimbi limeingia chomboni tukitoka Msimbati na kompyuta yangu imelowa maji ya bahari. Jamaa wananiambia niifukie kwenye mchele. – Msomaji, Mtwara.

JIBU: Mchele uache upikwe. Unaweza kuvuta unyevu kidogo, lakini hauondoi chumvi, na chumvi ndiyo inayoua. Usiiwashe kujaribu. Bonyeza kitufe cha kuwashia hadi izimike kabisa, chomoa chaja, fungua skrubu za mfuniko wa chini na uitenganishe betri haraka iwezekanavyo, maana mahali penye chumvi na umeme kwa pamoja shaba huliwa kwa muda mfupi. Ondoa SSD na uikaushe kando. Mara nyingi yenyewe hupona, na fundi ataweza kusoma mafaili yako kwenye mashine nyingine.

Bodi na kibodi zisuuze kwa maji yasiyo na chumvi, na yaliyokenekwa (yale ya kuongezea betri) yakipatikana, ili chumvi itoke. Ukienda duka la vipuri kuomba maji ya betri, hakikisha umepewa yale ya kuongezea na si tindikali, kwa kuwa chupa hufanana na wauzaji huyaita yote kwa jina moja. Baadaye pitisha spiriti safi ya asilimia 90 au zaidi kwa brashi laini, kisha iache kivulini penye feni kwa siku mbili au tatu, usiianike juani. Betri usiisuuze. Ikiwa imelowa ndani, imevimba au inatoa harufu, isirudishwe kwenye kompyuta hata kama inaonekana nzima, bali iweke nje ya nyumba, mbali na vitu vinavyoshika moto, na umkabidhi fundi. Mpya tafuta kwa namba iliyoandikwa juu ya ile ya zamani, kwa sababu za mashine mbili zinazofanana kwa nje mara nyingi huwa na vichwa tofauti.